Namna ya Kuuelewa Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob na Aina Zake

Kinachowashtua watu kwanza katika ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao madaktari huufupisha kwa herufi CJD, ni kasi yake. Mama wa miaka 66 ambaye mwezi uliopita alipiga hesabu za duka lake bila kushika kalamu anaanza kukosea chenji. Baada ya wiki mbili anapepesuka akitoka chooni. Baada ya wiki sita hamtambui mkwewe. Na kabla ya nusu mwaka kwisha hasemi, hatembei, na kila mlango unapobamizwa mwili wake mzima hushtuka. Usahaulifu wa uzeeni tuliouzoea hauendi hivyo. Huo huchukua miaka, na jamaa hupata nafasi ya kuuzoea. Hapa nafasi hiyo haipo, na mahali pake hujazwa na tafsiri: kwamba ni kiharusi, kwamba ni mawazo ya kufiwa na mume, kwamba ni jini au mkono wa mtu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jamaa wa mgonjwa, na pia kwa wauguzi na matabibu ambao huenda wasikutane na mgonjwa wa namna hii zaidi ya mara moja katika maisha yao yote ya kazi. Hoja yake ni moja. Jina CJD peke yake halitoshi, kwa sababu linafunika maradhi ambayo ndani ya ubongo yanafanana, lakini yanatofautiana mno katika yale ambayo familia inataka kuyajua: yametoka wapi, yatakwenda kwa kasi gani, na nani mwingine nyumbani yumo hatarini. Kwa hiyo swali la pili, baada ya "ni ugonjwa gani?", liwe daima "ni wa aina gani?"

Anza na protini

Katika ubongo wa kila mtu mwenye afya kuna protini ambayo wanasayansi huiita PrP. Kama protini nyingine zote, hii ni uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na tabia yake yote hutegemea mkunjo huo. Katika CJD protini hii hukunjika vibaya, kisha huigusa jirani yake iliyo nzima na kuigeuza iwe na umbo lilelile bovu; jirani naye hugeuza mwingine, na kazi hiyo huendelea kimyakimya mpaka sehemu kubwa ya ubongo imeharibika. Wahenga waliosema samaki mmoja akioza wote wameoza walikuwa karibu sana na jambo hili, ila hapa kinachopitishwa ni umbo wala si uozo. Protini iliyopotoka namna hii huitwa prioni. Prioni hurundikana, chembe za ubongo hufa, na chini ya hadubini ubongo huonekana umejaa vitundu kama sifongo.

Jina prioni lilitungwa mwaka 1982 na Stanley Prusiner wa Marekani, na wenzake wengi walimpinga, kwa kuwa kila kiambukizi kilichojulikana hadi wakati huo, kiwe kirusi, bakteria au kimelea, kilibeba vinasaba vyake chenyewe. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jambo ambalo jamaa hukutana nalo hospitalini. Prioni imetokana na protini ya mwili wenyewe, kwa hiyo kinga ya mwili haiioni kuwa adui: hakuna homa, wala chembe nyeupe za damu hazipandi. Mgonjwa anazidi kudidimia huku majibu ya damu yakirudi safi, na familia inarudi nyumbani ikisema "hospitali hawajaona kitu", kauli ambayo kwetu mara nyingi ndiyo nauli ya kwenda kwa mganga.

Jina la ugonjwa lilitokana na madaktari wawili wa Kijerumani, Hans Gerhard Creutzfeldt aliyeandika kuhusu mgonjwa wake mwaka 1920, na Alfons Jakob aliyefuata mwaka 1921. La kuchekesha kidogo ni kwamba waliochunguza upya maandishi hayo baadaye waliona kuwa mgonjwa wa Creutzfeldt yaelekea hakuwa na ugonjwa huu tunaoujua leo, ilhali baadhi ya wagonjwa wa Jakob walikuwa nao.

Uliza protini ilipotoka kwa njia gani

Njia ni tatu: kupotoka kwenyewe bila sababu inayojulikana, kupotoka kwa sababu ya jeni lililorithiwa, na kupotoshwa na prioni iliyoingia kutoka nje. Ukizishika hizi tatu, aina zote utakazozisikia zitapata mahali pa kukaa.

Ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote, kwani takriban asilimia 85 ya wagonjwa wote ni wa CJD ya kujitokeza yenyewe. Kila mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja. Hesabu hiyo huonekana ndogo sana, lakini ukiitazama kwa maisha mazima ya mtu sura hubadilika: katika nchi ambako vifo hufuatiliwa kwa makini, ugonjwa huu huchangia takriban kifo kimoja katika kila vifo 5,000. Nadra, naam, lakini si wa ajabu kiasi cha kutowezekana katika mtaa wako. Wengi huanza kuugua wakiwa katika miaka ya sitini, wanaume kwa wanawake. Hautokani na chakula, hautokani na kazi, na hakuna alichokosea mgonjwa wala mlezi wake. Watoto wake hawako hatarini kuliko watoto wa jirani. Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kusemwa na daktari kwa sauti, na kama hakuisema, familia imwombe aiseme.

Hata ndani ya aina hii moja wagonjwa hawafanani, na sababu yake imejificha mahali padogo sana. Katika jeni la PRNP, lililo kwenye kromosomu ya 20 na ambalo ndilo linalotoa maelekezo ya kuitengeneza PrP, kuna nukta iitwayo kodoni 129. Kila mtu amepokea nakala moja ya jeni hilo kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na katika nukta hiyo kila nakala hubeba maelekezo ya kijenzi kimoja kati ya viwili vya protini, ama methionini (M) ama valini (V), hivi kwamba mtu anaweza kuwa MM, MV au VV. Zote tatu ni hali za kawaida za afya. Lakini ugonjwa ukija, mwenye MM kwa kawaida huanza kwa kupoteza kumbukumbu na kufariki ndani ya miezi michache, mara nyingi minne hivi; mwenye VV mara nyingi huanza kwa kuyumba, akionekana kama mlevi, kabla akili haijaguswa; na baadhi ya wenye MV huenda polepole zaidi, hata kupita mwaka. Wapo pia ambao kwao ugonjwa huanzia sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulikia kuona, nao huenda kwa daktari wa macho kwanza, hubadilishiwa miwani mara mbili tatu, na macho yenyewe hayana tatizo lolote. Kwa hiyo mlezi anayesikia habari za mgonjwa mwingine wa CJD aliyeishi miezi kumi na minne asijilaumu kwamba wake ameondoka kwa miezi mitatu.

Urithi, na ukoo unaosimuliwa nusunusu

Njia ya pili inachukua kati ya asilimia 10 na 15 ya wagonjwa. Hapa kasoro imo katika jeni la PRNP lenyewe, na mzazi aliyenalo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulipitisha kwa kila mtoto, wa kike au wa kiume. Kasoro iliyo maarufu kuliko nyingine huitwa E200K, na ilipata kujulikana hasa kutokana na familia za Slovakia na za Wayahudi wenye asili ya Libya, ambako wagonjwa walikuwa wengi kuliko kawaida. Kabla sababu haijajulikana, watu waliwahi kudhani kwamba Wayahudi hao waliambukizwa kwa kula vichwa vya kondoo, pamoja na ubongo na macho. Ilikuwa jeni.

Katika njia hii yamo pia magonjwa mawili yenye majina yao. La kwanza ni la Gerstmann, Sträussler na Scheinker, lililoelezwa mwaka 1936 kutokana na ukoo mmoja wa Austria: huanza kwa kuyumba na kukosa mizani mtu akiwa katika miaka ya arobaini au hamsini, na huweza kuchukua miaka miwili hadi kumi, mwendo ambao hulifanya lidhaniwe kuwa ugonjwa mwingine kabisa. La pili ni la kukosa usingizi kunakoua, lililoelezwa na madaktari wa Italia mwaka 1986. Prioni hushambulia thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo ambayo hushiriki kuongoza usingizi. Mgonjwa hupoteza usingizi kidogo kidogo mpaka haupati kabisa, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, na hukaa katika hali ya nusu ndoto akitenda kwa mikono mambo anayoyaona yeye peke yake. Dawa za kuleta usingizi hazimsaidii. Nalo lina siri inayoonyesha jinsi aina zinavyosukana: kasoro ileile ya jeni iitwayo D178N huleta ugonjwa wa usingizi ikiwa imeambatana na methionini katika ile kodoni 129, na huleta CJD ya kurithi ikiambatana na valini. Herufi moja ya mbali huchagua ugonjwa.

Namna ya kujua kama njia hii inahusika ni kuuandika ukoo. Chukua karatasi, panga babu na bibi, wajomba, shangazi na binamu, kisha mbele ya kila jina andika umri aliofariki na namna alivyougua, kwa maneno yaleyale yanayotumiwa nyumbani. Usitafute jina CJD, hutalipata. Tafuta "alirukwa na akili akafa mwaka huohuo", "alikuwa anatetemeka na kuanguka", "alirogwa na mke mwenziwe akawa bubu". Masimulizi ya namna hii yakijirudia katika vizazi viwili, mpelekee daktari karatasi hiyo kama ilivyo. Hata hivyo ukoo safi hauthibitishi kitu, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina ya kurithi hawana mtu anayejulikana kuugua kabla yao. Pengine mzazi aliyelibeba jeni alifariki kwa ajali au malaria akiwa kijana.

Kumpima mgonjwa jeni ni jambo jepesi, kwa damu ya kawaida. Kumpima mtoto wake mzima wa afya ni jambo zito. Jibu likiwa baya hakuna dawa ya kumpa, na ataishi nalo katika ndoa, katika uzazi na katika kila siku atakayosahau funguo. Ushauri nasaha hutangulia kipimo, watoto wadogo hawapimwi, na mtu mzima anayekataa kujua asisukumwe na ndugu zake, hata akiwa ni kaka mkubwa anayesukuma.

Prioni iliyotoka nje

Njia ya tatu haifiki asilimia moja ya wagonjwa, lakini ndiyo inayojaza magazeti na hofu za watu, na kwa kweli ndiyo iliyofundisha mengi.

Mfano wake wa kale ni kuru, ugonjwa wa watu wa Fore katika nyanda za juu za mashariki ya Papua New Guinea. Mwaka 1957 daktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliueleza kwa ulimwengu: kutetemeka, kuyumba, kisha kifo, hasa kwa wanawake na watoto. Fore wenyewe waliamini ni uchawi, na kabla msomaji wa pwani au wa bara hajatabasamu akumbuke jinsi sisi tunavyoeleza vifo vya namna hii. Chanzo kilikuwa desturi ya mazishi ya kuila miili ya marehemu kwa heshima, na wanawake na watoto ndio waliokula ubongo. Desturi ilikoma kufikia mwisho wa miaka ya 1950, na hakuna aliyezaliwa baada yake aliyeugua. Lakini waliokula utotoni waliendelea kuugua miongo mingi baadaye, wengine baada ya zaidi ya miaka 50. Prioni inajua kusubiri.

Kisha kuna CJD iliyoletwa na matibabu. Mwaka 1974 iliripotiwa kwamba mgonjwa aliyepandikizwa konea ya jicho kutoka kwa marehemu aliyekuwa na CJD naye aliugua. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba vijana waliochomwa homoni ya ukuaji iliyokamuliwa kutoka kwenye tezi za ubongo za maiti walikuwa wakifa kwa CJD, na matumizi ya homoni hiyo yakasimamishwa Marekani na Uingereza. Homoni ya leo hutengenezwa maabara na haina hatari hiyo. Wengine zaidi ya mia, wengi wao Japani, waliugua baada ya kushonewa utando wa ubongo uliotolewa kwenye maiti. Kwa hiyo, ikiwa mgonjwa wako aliwahi kufanyiwa upasuaji wa ubongo au kutibiwa ufupi wa kimo ng'ambo katika miaka ya 1970 au 1980, mwambie daktari, hata kama ni jambo la miaka arobaini iliyopita.

Aina inayojulikana zaidi mitaani ni ile ya kichaa cha ng'ombe, ambayo jina lake la kitabibu ni CJD varianti, kwa kifupi vCJD. Ng'ombe wa Uingereza walianza kutambuliwa na ugonjwa wao mwaka 1986. Walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa uliotokana na mizoga, yaani mla majani alifanywa mla nyama ya jamaa zake. Chakula hicho kilipigwa marufuku mwaka 1988, lakini zaidi ya ng'ombe 180,000 walithibitishwa kuugua nchini humo. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba yaelekea watu nao wameupata. Waliougua Uingereza walifika 178, mwaka mbaya kuliko yote ukiwa 2000 uliokuwa na vifo 28, na wengine kadhaa, wengi wao Ufaransa, katika nchi nyingine. Watu wanne walipata prioni hizo kwa kuongezewa damu. Makadirio ya kutisha ya siku zile za mwanzo hayakutimia, na wagonjwa wapya leo karibu hawapo.

Namna ya kuitofautisha vCJD na CJD ya kawaida ni kutazama umri na mlango wa kuingilia. Waliokufa kwa vCJD walikuwa vijana, nusu yao wakiwa chini ya miaka 29. Walianza kwa huzuni, wasiwasi na kujitenga, wengine kwa maumivu ya ngozi na miguu, hivi kwamba wengi walitangulia kwa daktari wa magonjwa ya akili. Na walidumu miezi 14 hivi. Karibu wote walikuwa MM katika kodoni 129. Mzee wa miaka 70 aliyezorota kwa miezi mitatu hana ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na hakuna sababu ya familia yake kuichukia nyama choma. Nikiri hata hivyo kwamba moto wa jikoni hauiharibu prioni. Kinga ya kweli ilikuwa kuwaondoa ng'ombe wagonjwa, ubongo na uti wa mgongo katika chakula.

Kwa wafugaji na walaji wa ngamia, kuanzia kaskazini mwa Kenya na Somalia hadi Ghuba, kuna habari moja ya kuifuatilia bila kuiogopa. Mwaka 2018 watafiti walieleza ugonjwa wa prioni katika ngamia waliochinjwa Ouargla, Algeria. Hakuna mtu anayejulikana kuupata kutoka kwa ngamia. Ngamia anayetikisa kichwa, anayeyumba na kuwa mkali bila sababu apelekwe kwa daktari wa mifugo badala ya machinjioni.

Kabla ya kulikubali jina, ondoa yanayotibika

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi, kwa kuwa kosa baya kuliko yote katika ugonjwa huu ni kumpa jina lake mtu ambaye hana. Yapo maradhi kadhaa yanayoweza kuiharibu akili kwa wiki chache yakafanana na CJD, na mengi yana dawa. Katika ukanda wetu ya kwanza kuulizwa ni VVU na maradhi yanayoandamana nayo, kifua kikuu cha ubongo, homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na kaswende iliyopanda ubongoni. Yanafuata upungufu wa vitamini B12, na upungufu wa vitamini B1 kwa mnywaji wa pombe au aliyetapika kwa muda mrefu. Tezi ya shingo iliyolegea. Damu iliyoganda chini ya utando wa ubongo kwa mzee aliyeanguka bafuni mwezi uliopita na kila mtu akasahau. Dawa nyingi zilizochanganywa. Na kubwa zaidi, ambalo hata hospitali kubwa hulikosa, ni kinga ya mwili kuushambulia ubongo: wagonjwa hao huweza kushtukashtuka na kuchanganyikiwa kama wa CJD, lakini wakipewa dawa za kutuliza kinga mapema, wengi hurudi kazini. Ndiyo maana madaktari wengine hujaribu dawa hizo kwa siku chache wakati majibu yakisubiriwa, na mimi naona wana haki.

Baada ya hapo, vipimo vinavyoielekea CJD ni vitatu. Cha kwanza ni MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, lakini si MRI yoyote: mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba anataka picha za difyusheni, ziitwazo DWI, kwa sababu katika picha hizo gamba la ubongo hung'aa kama utepe, pamoja na viini vya ndani, ilhali katika picha za kawaida huweza kuonekana pasafi. Katika vCJD inayong'aa ni sehemu ya nyuma ya thalamasi. Cha pili ni EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa aina ya kujitokeza huonyesha mawimbi makali yanayojirudia karibu kila sekunde. Kikifanywa mapema mno huweza kukosa, na hurudiwa. Cha tatu ni maji ya uti wa mgongo. Humo hutafutwa protini iitwayo 14-3-3, ambayo hupanda pia katika kiharusi na maambukizi ya ubongo na hivyo haitoshi yenyewe, na kwa kipimo cha RT-QuIC hutafutwa prioni yenyewe: tone la maji hayo huchanganywa na protini nzima, na ikianza kupotoka, jibu limepatikana. Kipimo hiki hukamata zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wa aina ya kujitokeza, na ni mara chache mno humtaja asiye nao. Hufanywa katika maabara chache duniani, kwa hiyo uliza mapema kama hospitali inaweza kusafirisha sampuli.

Ripoti ikirudi, soma maneno yake kwa makini. "Inawezekana" maana yake ni dalili tu. "Yaelekea sana" maana yake ni dalili zikiungwa mkono na kipimo. "Thabiti" halitumiki mpaka ubongo wenyewe uchunguzwe, na hilo kwa kawaida hufanywa baada ya kifo.

Kumtunza nyumbani

Dawa ya kuuzuia ugonjwa haijapatikana. Kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria, ilijaribiwa kwa matumaini makubwa na haikurefusha maisha. Doksisaiklini vivyo hivyo. Anayeuza dawa ya CJD anauza uongo. Kinachoweza kufanywa ni kumpunguzia mgonjwa taabu: klonazepamu au valproeti kwa mishtuko ya misuli, na huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa asiyeponyeka, tangu wiki ya kwanza, bila kungoja wiki ya mwisho.

Mshtuko huletwa na sauti na mguso wa ghafla, basi mwambie unakuja kabla hujamshika, funga mlango polepole, zima redio inayopayuka. Uji mzito humezeka salama kuliko chai au maji. Mkalishe wima, mpe kijiko kidogo, na akikohoa kila anapomeza acha umwite muuguzi. Mgeuze ubavu kila saa mbili kuzuia vidonda vya kulalia. Asipojibu, endelea kumsemesha kwa jina lake.

Kumgusa, kumbusu, kumwosha, kula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja havimwambukizi mtu. Mgonjwa na waliothibitika kuwa na jeni lenye kasoro wasichangie damu wala kiungo. Hatari ya kweli iko katika vyombo vya upasuaji vilivyogusa ubongo, uti wa mgongo au sehemu ya nyuma ya jicho, kwa kuwa usafishaji wa kawaida hauitoshi prioni. Vile visivyoweza kutupwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataja njia kama mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika 18, na kuloweka kwa saa nzima katika klorini yenye nguvu au katika kostiki soda, ile wanayoijua watengeneza sabuni. Hayo ni ya hospitali. Nyumbani, maji na sabuni yanatosha, na glavu palipo na damu au kidonda.

Akifariki, azikwe kama watu wote. Kumwosha maiti kwa desturi ya dini kunaruhusiwa, waoshaji wakivaa glavu. Ila kama ubongo umefunguliwa kwa uchunguzi, waambiwe kabla ya kuanza, wasiguse mshono, na pafunikwe vizuri.

Uchunguzi huo familia nyingi huukataa, na sababu zao zinaeleweka. Anayeukataa afanye angalau jambo moja mgonjwa angali hai: aombe damu yake ichukuliwe na kuhifadhiwa kwa ajili ya kupima jeni la PRNP. Mtoto atakayetaka kujua miaka ishirini baadaye kama ugonjwa wa mama yake ulikuwa wa kujitokeza au wa kurithi atalipata jibu katika mrija huo, ilhali kaburi halitampa.